Gari la Zamani Limeliwa na Kutu: Namna ya Kujua Kama Linafufulika

Mtu akirithi gari lililolala nyuma ya nyumba miaka minane, cha kwanza anachotafuta ni betri. Anaazima kwa jirani, anamimina petroli kidogo kwenye kabureta, injini inakohoa mara mbili tatu, inashika, na watoto wa mtaa mzima wanapiga makofi. Tangu saa hiyo gari limeshahesabiwa kuwa zima. Wiki inayofuata mwenyewe kanunua matairi manne.

Mimi ni fundi bodi, kazi yangu naifanyia Uyole, Mbeya, pale njia ya Tukuyu inapoachana na ya Iringa. Magari yanayoniumiza roho si yale yasiyowaka. Ni yale yaliyowaka mapema, yakamla mwenyewe hela, halafu yakaletwa kwangu mwishoni "yanyooshwe bodi tu". Injini hununuliwa, hushushwa, hupandishwa nyingine. Chesisi iliyooza, yaani ile fremu ya chuma inayolibeba gari, na kadi isiyojulikana ilipo ndivyo vinavyoua gari. Kwa hiyo nikikagua naanza na karatasi, nakuja kwenye mifupa na ngozi yake, na injini naiweka mwisho.

Uliza kwanza limeishi wapi

Kutu inataka maji na hewa tu. Chumvi ikiongezeka, mwendo wake unakuwa wa mbio. Gari lililolala Chunya au kule Usangu kwenye vumbi, mara nyingi utalikuta raba zote zimepasuka kwa jua lakini bati lake linalia vizuri ukiligonga. Gari la aina hiyohiyo lililolala Rungwe, ambako mvua haina adabu, au Mufindi kwenye ukungu wa mashamba ya chai, linaoza huku limesimama. Njombe na Makete kuna umande na baridi: kila asubuhi bati linatoka jasho kwa ndani, na hilo jasho halikauki mpaka saa nne. Watu wa Kyela huniuliza kama ziwa limewala magari yao. Ziwa Nyasa ni maji baridi, halina chumvi. Kinachowala ni mvua na joto lenye unyevu.

Chumvi ya kweli inatoka sehemu mbili. Kuna magari yaliyofanya kazi Dar es Salaam, Tanga au Mtwara kabla ya kuletwa huku juu, na kuna yale yaliyotoka Japani kwenye mikoa ya kaskazini yenye theluji, ambako barabara humwagiwa chumvi majira ya baridi. Hayo ya pili yanadanganya sana. Juu yanang'aa, lala chini utazame.

Halafu uliza lilibeba nini. Pikapu iliyosomba mbolea ya viwandani misimu kumi, hata kama ilifagiliwa kila jioni, chembe ziliingia kwenye mikunjo ya karai la nyuma la kubebea mzigo, zikavuta unyevu, na hazikutoka tena. Na kama kuku walilala ndani ya gari, angalia sakafu kwa makini. Kinyesi chao kinakula rangi kwanza, kisha bati.

Dalili: kadi haipo, au jina lililomo ni la marehemu

Hapa usishike hata spana. Tafuta namba ya chesisi kwenye gari lenyewe, si kwenye kibati kilichopigwa ribiti, bali ile iliyogongwa kwenye chuma. Kwa Land Rover nyingi za Series, zile za kale, utaikuta mbele upande wa kulia, kwenye pembe ya chesisi inaposhikia springi. Isugue kwa brashi ya waya taratibu, uilinganishe na kadi, tarakimu kwa tarakimu.

Jina likiwa la marehemu, lazima familia iwe na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, ndipo TRA wabadilishe umiliki. Makubaliano ya wajomba sebuleni hayatoshi. Kama gari bado lina bamba la zamani linaloanza na TZ, maana yake lililala kabla ya kuhamia kwenye mfumo wa sasa wa herufi T na tarakimu tatu, na huenda halimo kabisa kwenye kompyuta. Nenda TRA ukaulize kabla ya kununua hata kopo la rangi. Ada ya mwaka ambayo wengi tuliiita rodi laisensi ilifutwa kwenye bajeti ya 2017/18, kwa hiyo usikatishwe tamaa na hiyo. Lakini uliza kama kuna deni lingine linalosoma kwenye gari.

Namba ya chesisi ikiwa haisomeki kwa sababu kutu imeila, au hailingani na kadi, mimi huwa nasimamisha kazi. Fundi akikwambia "hiyo tunaigonga upya", mshukuru uondoke. Hilo ni kosa la jinai, na wewe ndiye utakayesimamishwa na trafiki, si yeye.

Dalili: rangi imevimba malengelenge

Kuna kutu inayoingia kutoka nje na kuna inayotoka ndani, na bei zake hazifanani hata kidogo.

Ya nje huanzia pale jiwe lilipogonga au mlango ulipokwaruzwa. Duara lake linaonekana wazi, katikati pamechubuka, pembeni rangi bado imeshika. Kwangua kwa msasa mpaka chuma cheupe kitokee. Kikitokea kizima, umepona: praima, rangi, basi.

Ya ndani hutokea kama vipele kwenye ukingo wa chini wa mlango, kwenye mdomo wa juu ya tairi, chini ya kioo cha mbele. Rangi haijachubuka popote, imeinuliwa tu. Kutu hutaka nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma ilichokula, ndiyo maana inasukuma rangi juu, na kwenye maungio ina nguvu ya kutenganisha bati mbili zilizochomelewa pamoja. Bonyeza kwa kidole gumba. Pakinesa au pakitoa mlio wa biskuti kavu, nyuma yake hakuna bati, kuna rangi iliyoshikwa na mazoea. Kipele cha ukubwa wa shilingi mia kikitokea hivyo, mimi huhesabu kiraka cha ukubwa wa kiganja, na mara nyingi nikishakata naona nilihesabu kidogo.

Dalili: sumaku haishiki

Beba sumaku ndogo, hata ile ya spika iliyokufa, uifunge kitambaa isikwaruze. Pitisha kwenye mbavu za gari zote. Ikishika huku na kuachia pale, chini ya rangi kuna puti, ule ujiuji mzito wa kujazia bati unaokauka ukawa mgumu. Puti nyembamba si dhambi. Hakuna gari la miaka arobaini lisilo nayo. Puti nene kama mkate ni kwamba fundi mwenzangu aliona tundu, akajaza magazeti au wavu wa kuku, akaziba, akapaka.

Angalizo kwa wenye Land Rover: sumaku haitashika karibu bodi nzima, na hilo ni jambo la kawaida. Bodi zile ni za aloi ya aluminiamu. Kutu yake haiwi nyekundu, inakuwa unga mweupe, na utaukuta pale aluminiamu inapogusana na chuma: kuzunguka bolti, kwenye fremu za milango, kwenye kingo zilizofungwa juu ya chesisi. Metali mbili tofauti zikigusana penye maji, dhaifu huliwa, na hapo dhaifu ni aluminiamu. Unga kidogo unasafishika, unaweka raba au rangi nzito katikati. Lakini usifurahie bodi isiyo na kutu ukasahau kwamba chesisi ya Land Rover ni chuma kitupu, na ule ukuta unaotenganisha injini na miguu ya dereva nao ni chuma. Nimeona Land Rover zilizo nzuri juu kama zimetoka kiwandani jana, chini zimeshikiliwa na tope.

Dalili: mlango umeshuka, unaufunga kwa kuuinua

Shika mlango ukiwa wazi, uinue kwa mikono miwili, mwenzako aangalie bawaba. Bawaba ikicheza peke yake, ni pini zimelika. Kazi ya asubuhi moja. Nguzo ya mlango ikienda na bawaba, nguzo imeoza mguu. Hapo tayari ni kazi ya siku kadhaa.

Cha tatu ndicho kibaya. Funga milango, angalia upana wa mwanya kati ya mlango na bodi. Sasa piga jeki katikati ya gari, uinue kidogo. Mwanya ukibadilika, ukafunguka juu au ukabana chini, gari limekatika mgongo na linajikunja. Kwa Corolla au gari lolote dogo lisilo na chesisi ya peke yake, ambalo bodi yenyewe ndiyo mifupa, dalili hii kwangu ni hukumu. Linachomeleka, ndiyo, lakini ukishalipa kazi hiyo ungekuwa umenunua jingine zima, maana Corolla nzima bado zipo tele. Nasema hivyo hata kwa mtu aliyenijia na machozi.

Chesisi: hapa kaa muda mrefu

Osha kwanza. Siyo kwa ajili ya uzuri. Tope lililokauka ndani ya boriti za chesisi ndilo linalotunza maji kiangazi chote, na ndilo linaloficha. Matundu ya kutolea maji yapo chini ya chesisi, yazibue kwa waya. Yakimwaga mchanga mwekundu, sawa. Yakimwaga magamba meusi na kahawia yenye unene wa ukucha, hizo ni kuta za chesisi zinatoka nje.

Kisha chukua nyundo ndogo. Gonga kila baada ya upana wa kiganja, kuanzia mbele hadi nyuma. Chuma kizima kinalia kama kengele ya shule ya kijijini, ile rimu ya gari iliyotundikwa kwenye mti. Chuma kilichooza kinaitika "pu". Palipoitika hivyo, weka ncha ya bisibisi na ugonge. Watu huogopa kulitoboa gari la marehemu baba yao. Toboa. Likitobolewa na bisibisi ukiwa umelala chini yake Uyole, ni heri kuliko kukatika ukiwa unashuka mlima Kitonga na abiria.

Tazama zaidi hapa: vishikio vya springi, mbele na nyuma, mahali boksi la usukani lilipofungwa, ile mikono inayotoka pembeni kubeba bodi, na boriti ya nyuma ya mwisho, maana magurudumu huirushia tope maisha yake yote. Mikono ya pembeni na boriti ya nyuma ikiwa imeoza peke yake, usikate tamaa, hizo hukatwa na kuchomelewa mpya. Vishikio vya springi vikioza pande zote mbili, au ubavu mrefu wa chesisi ukitobolewa sehemu tatu nne, hesabu inageuka.

Angalia pia viraka vya zamani. Kiraka kimoja kilichokatwa vizuri hakina neno. Kiraka juu ya kiraka maana yake mtu alichomelea kwenye chuma kilichooza, kikaachia, akaja mwingine akapanua. Chesisi inataka chuma cha milimita 2 hadi 3, kichomelewe kwenye chuma kizima pande zote. Bati la bodi halifiki hata nusu ya hapo, na wapo wanaotumia bati la bodi kuziba chesisi.

Mwisho pima mshazari. Chagua tundu moja la bolti mbele kushoto na mwenzake nyuma kulia, pima kwa utepe; kisha mbele kulia na nyuma kushoto. Tofauti ya milimita chache inavumilika. Ikifika upana wa vidole viwili, lilishapinduka au kugongwa, na hakuna rangi itakayolifanya liende moja kwa moja.

Kuna mwalimu mstaafu aliniletea Land Cruiser ya zamani, ile fupi ya mlango wa nyuma unaofunguka pande mbili. Injini alikuwa ameshaiova kwenye gereji nyingine, pistoni mpya, ringi mpya, silinda hedi imesagwa. Alilipa mafao yake pale.

"Shikamoo mwalimu. Kabla sijaweka bei, niruhusu niliinue," nilimwambia.

"Marahaba fundi. Inua tu, lenyewe linawaka kama saa."

Jeki ilipanda, gari halikupanda. Iliingia ndani ya chesisi kama kidole kwenye papai. Mwalimu alikaa kwenye tairi, akanyamaza muda mrefu, kisha akauliza kama inawezekana kuchomelea. Nilimwambia ukweli: upande wa kushoto wote, na kishikio cha springi cha nyuma kulia, na sakafu, na nguzo mbili. Tulihesabu pamoja kwenye daftari lake la mazoezi, na mwandiko wake ulikuwa mzuri mpaka mstari wa mwisho. Aliuza injini ile kwa mtu wa Mafinga mwenye gari la aina hiyo lenye chesisi nzima. Hela aliyopata haikurudisha hata nusu. Kosa halikuwa lake. Fundi aliyepokea kazi ya injini ndiye aliyepaswa kulala chini ya gari kwanza.

Dalili: sakafu ina maji

Ng'oa kapeti zote. Maji yakikaa mbele, tazama raba ya kioo cha mbele na mifereji iliyo chini ya waipa. Majani ya mparachichi au msonobari huziba hapo na maji yanaingia ndani. Yakiwa na utelezi na harufu tamu, ni maji ya rejeta kutoka kwenye hita. Yakikaa nyuma, ni raba ya buti au tundu juu ya tairi. Sakafu yenyewe ni ya tambarare, kuibadilisha ni rahisi kuliko inavyotisha. Kingo zilizo chini ya milango ndizo zinazobeba uzito, hizo ndizo za kutoboa na bisibisi.

Injini, sasa

Nitapita haraka kwa sababu huku wenye ujuzi ni wengi.

Haizunguki kabisa: usilivute kwa trekta likiwa kwenye gia, na usilazimishe stata. Fungua plagi au nozeli, mimina ATF, yaani oili ya giaboksi ya otomatiki, iliyochanganywa na dizeli kidogo katika kila silinda, iache siku nne tano, kisha jaribu kuzungusha kwa spana kwenye bolti kubwa ya puli ya mbele, kidogo mbele, kidogo nyuma. Ikisogea hata robo, ipo hai.

Oili imekuwa kama chai ya maziwa: ikiwa ni ute tu kwenye kifuniko cha kujazia, na gari linatembea safari fupifupi kwenye baridi la Njombe au Mbeya, huo ni unyevu wa kawaida, utaondoka injini ikipata joto la muda mrefu. Ikiwa ni oili yote kwenye dipstiki, maji yanaingia: gasketi, au hedi imepasuka.

Inachemsha: kumbuka mwinuko. Mbeya mjini ni kama mita 1,700 juu ya bahari, na maji matupu yanachemka kwa nyuzi 94 hivi badala ya 100. Kifuniko cha rejeta kilichochoka, ambacho Dar kingesamehewa, hapa kitaonyesha kosa lake kwenye mlima wa kwanza. Badilisha kifuniko kabla ya kulaumu injini.

Breki sizijadili. Gari lililolala miaka mitatu au zaidi, paipu za chuma, raba za silinda za magurudumu na mafuta ya breki vyote vibadilishwe viwe vipya. Mafuta yale hunyonya maji hewani, na maji yale huozesha silinda kutoka ndani, ambako huoni. Mtu anayetaka kuokoa hapo asinunue gari la kushuka mteremko wa Iwambi.

Hesabu

Mwite fundi bodi, fundi injini na fundi umeme, kila mmoja siku yake, kila mmoja aandike. Kisha chukua ile ya bodi uizidishe mara mbili, kwa sababu kutu iliyoonekana ni ile iliyofika nje. Uliza pia aina ya kuchomelea. Mashine ya fimbo inafaa chesisi. Bati la bodi linaungua nayo, linataka mashine ya waya au gesi kwa mkono mwepesi. Na kabla mtu hajawasha moto wowote, tanki la mafuta litoke, betri ifunguliwe. Tanki tupu la petroli ni hatari kuliko lililojaa, kwani mvuke ndio unaolipuka.

Jumla ikiwa chini ya bei ya gari la aina hiyo likiwa zima, fufua bila kusitasita. Ikizidi kidogo, na gari ni Land Rover au Land Cruiser yenye bodi ya kufungwa kwa bolti, spea zinapatikana sokoni Mwanjelwa, na baba yako alikufundishia kuendesha humo, mimi nitaifanya kazi hiyo kwa moyo mmoja na sitakuita mjinga. Kumbukumbu nayo ina thamani, ila iandike kwenye daftari kama gharama, uione. Ikizidi mara mbili, liuze kwa vipande: difu, giaboksi, milango, taa, vioo. Wanaonunua vyuma chakavu kwa kilo waje mwisho, wachukue mabaki.

Ukiamua kufufua lakini hela bado, usiliache kama ulivyolikuta. Liinue juu ya matofali ya saruji, chini ya ekseli, matairi yasiguse udongo. Toa kapeti na viti. Zibua matundu ya chesisi, paka oili nzito ndani na nje ya boriti. Turubai lisigusane na bodi, liwe paa lenye hewa pembeni, maana turubai lililobana linafuga umande. Na kama jirani anaomba kuhifadhi magunia ya mahindi humo ndani mpaka msimu uishe, mwambie hapana kwa heshima. Mahindi yataita panya, na panya wakimaliza mahindi wataanza nyaya.